Mwizi wa simu alijuaje jina la nyumbani la mdogo wangu?

#1 Mtoto_wa_Majengo (Goma)
Bandugu, salamu. Naenda moja kwa moja juu hasira bado inanichemka.

Ijumaa jioni mama alikuwa uani anaanua sambaza, visamaki vyetu vya ziwani, mikono imejaa magamba. Simu ikalia, namba ngeni. Dada yangu mdogo akabonyeza, akamwekea sikioni. Sauti ya kukwama kama mtu mwenye mafua: "Mama, ni mimi Kapopo." Eti simu yake imeibiwa bandarini Bukavu, ameazima ya mtu, amezuiliwa juu ya mzigo aliobebeshwa na rafiki, wanamdai dola 60 la sivyo analala ndani. Mama alikuwa na 40, za kununulia sambaza kesho yake. Alienda kwa ajenti na kitenge chake cha kazi, hakunawa hata mikono, akatuma.

Saa mbili usiku nampigia Kapopo kwa namba yake ya kila siku. Anapokea. Yuko chumbani kwake na wenzake, anakula bugali. Hajaenda bandarini tangu mwezi uliopita.

Kinachoniuma siyo 40 peke yake. "Kapopo" haliko kwenye kadi ya uchaguzi, haliko kwenye diploma, haliko Facebook. Bibi ndiye alimpa, popo mdogo, juu alipokuwa mchanga alikuwa halali usiku. Nje ya nyumba yetu hakuna anayemwita hivyo. Mwizi alilitoa wapi? Na msiniambie tu "kwa intaneti". Intaneti ni kubwa kuliko ziwa.

#2 Chukudu_Haina_Breki
Pole kwa mama. Ila jina lilikuwa siri ya nyumba, sasa umelianika hapa na wewe kama sambaza.

#3 Mtoto_wa_Majengo
@Chukudu nimelibadilisha. Unafikiri nimelala?

#4 Fundi_wa_Signers (Goma)
Swali moja kabla ya yote: simu ya mama mlinunua wapi, na nani aliiwasha mara ya kwanza?

#5 Mtoto_wa_Majengo
Birere, kwa meza ya barabarani. Ilikuwa imetumika kidogo. Mjomba ndiye alinunua, na muuzaji ndiye aliiwasha, akaweka lugha na kila kitu.

#6 Fundi_wa_Signers
Basi sikiliza. Simu ya Android ikiwashwa mara ya kwanza inaomba akaunti ya Gmail. Muuzaji anauliza, "mama una Gmail?" Mama anasema hana. Muuzaji hana muda, nyuma kuna wateja watatu, anaweka ya kwake, au anafungua mpya na neno la siri anabaki nalo kichwani. Tangu siku hiyo kila jina unalosevu linapanda kwenye akaunti ile. Simu ikiuzwa tena, majina yanabaki kule, na ya mnunuzi mwingine yanaongezeka juu yake.

Mwaka huu nimeletewa simu ya mzee mmoja wa Keshero, anasema "fundi, kwenye simu yangu kuna watu sifahamu." Nafungua majina, nashusha kidole, nashusha, hayaishi. Mama Sombe. Papa Motari. Mukwe wa Sake. Tantine Pagne Deni. Ilikuwa majina ya wateja wote wa meza moja yamemwagika kwenye simu ya kila mmoja wao. Na angalieni hayo majina: mzee hasevu jina la diploma. Anasevu la nyumbani. Kwa hiyo siri ya bibi iko pale, na namba yake pembeni.

Nenda kwenye mipangilio ya simu ya mama, sehemu ya akaunti. Ukikuta barua pepe usiyoijua, umepata mlango alikopitia.

#7 Neema_Katindo
Jamani hii ya Gmail imenitoa jasho. Nimeangalia ya kwangu sasa hivi, kuna akaunti mbili na moja siijui kabisa!

#8 Lushois_Mwenyewe (Lubumbashi)
Bon, mi naona munazunguka. Hiyo ni akili bandia, batu banachukua sauti ya mutoto, banaitengeneza. Sekunde chache za sauti zinatosha. Huyo Kapopo anatuma vokali, ujumbe wa sauti, kwenye grupu za WhatsApp, ya chuo, ya kanisa, ya mpira? Basi sauti yake iko kwa mikono ya batu mia tatu. Huku kwetu Kenya jirani yangu alipigiwa hivyo hivyo.

#9 Mwisho_wa_Reli (Kigoma)
Kumbe na huko Kenya yapo? Nairobi au Mombasa?

#10 Lushois_Mwenyewe
@Mwisho_wa_Reli Kenya ni komini ya Lubumbashi, mukubwa. Karibu na Kamalondo. Hatuna bahari.

#11 Mwisho_wa_Reli
Hahaha, nimejifunza.

Sasa nami niseme. Huku Tanzania tuna ujumbe maarufu, "ile hela tuma kwenye namba hii". Haumtaji mtu. Unarushwa kwa namba maelfu, na siku hiyo hiyo wapo wenye deni kweli, wanatuma wenyewe bila kuuliza. Kwa hiyo sikubali haraka kwamba mwizi alilijua jina. Muulize mama kwa upole: nani alitamka Kapopo kwanza? Naona picha hii: mwizi anasema "mama, ni mimi", sauti imekwama. Mama moyo umeruka, anasema "Kapopo?" Mwizi anajibu "ndiyo mama, Kapopo". Basi, jina amepewa bure.

#12 Chukudu_Haina_Breki
@Mwisho_wa_Reli hii ndiyo naiamini. Mambo ya akili bandia kwa dola 40? Mwenye mashine hiyo angempigia waziri.

#13 Lushois_Mwenyewe
@Chukudu mashine haimpigii mutu mumoja. Dola 40 mara mia kwa siku ni ngapi? Hesabu.

#14 Sifa_Parasoli (Goma)
Mimi ni ajenti, nakaa chini ya parasoli karibu na soko Virunga, na najua mtaanza kutusema, kwa hiyo najisema mwenyewe. Daftari letu lina namba, kiasi, saa, sahihi. Majina ya nyumbani hatuandiki. Ndiyo, kuna maajenti wanaoacha daftari wazi mezani na mtu anapita anapiga picha. Nimeshaona, na nimegombana na mmoja juu ya hilo.

Lakini nyinyi wateja! Mtu anasimama mita tano anapaza sauti: "Sifa, mtumie Kapopo yangu dola kumi, yule wa Bukavu, bado hajalipa nyumba!" Pembeni wako wauza unite (vocha), motari wawili wanangoja abiria, mtoto wa karanga. Halafu anasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, anairudia ili nisikosee. Na wengine namba ya siri wananiambia niwabonyezee. Nakataa, wanakasirika, eti siwasaidii. Mwizi anahitaji kompyuta ya nini hapo? Anahitaji kiti.

Na tangu Januari 2025 benki zilipofunga hapa Goma, pesa ya watu karibu yote imehamia kwenye simu. Aliyekuwa na akiba benki, aliyekuwa anafundisha, anayesaidiwa na ndugu wa Kinshasa, wote foleni ni kwangu. Wezi nao wamehama kufuata ng'ombe walikoenda kunywa.

#15 Mtoto_wa_Majengo
@Sifa asante dada. Mama anatuma Bukavu kila mwezi kwa ajenti yule yule, na mama hana sauti ndogo.

@Mwisho_wa_Reli nimemuuliza. Amenuna. Anasema "mimi nimezaa, siwezi kusahau nani alitaja mwanangu." Dada mdogo anasema hakumbuki, alikuwa anafukuza paka kwenye sambaza.

#16 Mzee_wa_Foni (Uvira, zamani Bukavu)
Watoto, naona mnashangaa jambo la zamani.

Kabla ya simu hizi tulikuwa na foni. Mtu akitaka kuongea na ndugu Kisangani au Kindu, anaenda kwenye nyumba ya foni: redio, betri ya gari, waya umefungwa kati ya mikaliptusi miwili. Operata anaita, anaita, mpaka upande wa pili uitike, "nakupata tano kwa tano". Mnaongea kwa zamu, ukimaliza unaachia kidude ndipo mwenzako ajibu. Na watu wote waliokaa kwenye benchi wanasikia. Mwenye redio nyingine kwenye masafa yale yale, hata yuko Bunia, anasikia. Nilisikia pale mimba, kesi, vifo, mahari iliyopunguzwa. Mtu aliambiwa kilio cha baba yake na benchi zima likalia naye.

Sasa basi. Kulikuwa na kijana, simtaji, alikuwa haji kuita mtu. Anakuja kukaa. Anasikia: fulani wa Kadutu, mtoto wake mgonjwa Kindu, anaitwa nyumbani hivi. Kesho anagonga mlango Kadutu, "natoka Kindu na lori, mtoto wenu amenituma, dawa zimeisha." Anapewa pesa, anapewa na kuku. Alikula kuku wengi yule. Hakuwa na intaneti.

Kilichobadilika naona ni kimoja: zamani mwizi ilimbidi alete uso wake mlangoni. Tulimshika juu ya kovu alilokuwa nalo kidevuni. Huyu wa Kapopo kidevu chake kiko wapi? Halafu wakaja Airtel, mwaka 2000 hivi, tukasema sasa tumepata siri.

#17 Neema_Katindo
Mzee, shikamoo. Kusahihisha kidogo tu: ilikuwa Celtel wakati ule. Ikawa Zain 2008, Airtel ni 2010.

#18 Mzee_wa_Foni
Marahaba. Jina walibadilisha wao, unite walikula wale wale.

#19 Chukudu_Haina_Breki
Akiongea unite nakumbuka RAM! Mnakumbuka? Unaweka unite, zinakatwa, ujumbe unasema RAM. Baba yangu alileta kompyuta ya ofisini kwa fundi akisema "toeni hii RAM, inanikula unite."

#20 Fundi_wa_Signers
@Chukudu wallahi hiyo ilinitokea hata mimi na mteja. Kwa wasiojua: ilikuwa rejista ya simu, ilianza 2020, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa 3G na kuendelea. Walisema itazuia simu za wizi na za bandia. Watu wakalia mpaka ikaondolewa 2022. Simu yangu iliibiwa 2021 nikiwa nimeshalipia RAM. Haikurudi.

#21 Mwisho_wa_Reli
Lakini usalama siyo wizi tu. Nyinyi wa Goma mlima ukilipuka si mnapata habari kwa simu siku hizi? Hiyo siyo faida?

#22 Sifa_Parasoli
@Mwisho_wa_Reli faida na hasara kwa bakuli moja. Januari 2002 hatukuwa na simu mkononi, tuliona moto, tukakimbia. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu imekuwa nyekundu na mimi niko na simu yenye mega za intaneti, naangalia simu badala ya kuangalia mlima! Huyu anaandika ni Nyamulagira, yule anaandika ni Nyiragongo, mwingine anasema lava imeshafika uwanja wa ndege. Vokali za watu wanaolia. Siku zilizofuata, matetemeko hayaishi, kila saa vokali mpya: ziwa litalipuka, gesi inapanda, msinywe maji. Alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma zihame. Hilo lilikuwa la kweli, na kuna jirani yangu hakuamini juu alikuwa amechoka na vokali za uongo. Aliondoka mchana, kwa mguu, kuelekea Sake, magari yote yameshajaa.

#23 Fundi_wa_Signers
Niongezee. Wale wa OVG, wanaoangalia volkeno, vyombo vyao vya kupima mitetemo huko mlimani vinatuma data kwa intaneti. Ufadhili uliisha 2020, wakakaa miezi bila pesa ya kulipia intaneti, ikarudi Aprili 2021, mwezi mmoja tu kabla ya mlipuko. Sisi mtaani tulikuwa na mega za kutumiana vichekesho, na wanaopima mlima hawakuwa nazo.

#24 Lushois_Mwenyewe
Na hizo simu, tantali ya ndani, nyingine inatoka koltani ya Rubaya, huko huko kwenu Masisi. Kobalti ya betri, nyingi inatoka huku kwetu upande wa Kolwezi. Tunachimba, inaenda, inarudi imekuwa Kapopo wa uongo.

#25 Chukudu_Haina_Breki
Lushois umeongea kama mhubiri. Sadaka inapita lini?

#26 Bahati_wa_Barrière
Mimi naona shida kubwa ni serikali kukata intaneti wakati wa kura. Desemba 2018 walikata wiki nzima.

#27 Neema_Katindo
@Bahati siyo wiki. Walikata tarehe 31 Desemba, siku moja baada ya kura, ikarudi karibu tarehe 20 Januari 2019. SMS nazo zilikatwa. Nakumbuka juu dada yangu alijifungua Kananga na tulijua mtoto ni wa kike kwa mtu aliyeshuka kwenye ndege.

#28 Bahati_wa_Barrière
Sawa, nimekubali, siku ishirini. Kwetu Birere tulikuwa tunapanda juu ya paa na kadi za Rwanda kutafuta mtandao wa Gisenyi. Paa la jirani yangu liligombaniwa kabisa, alitoza franka 500 kwa mtu kupanda. Aliweza kununua bati jipya.

#29 Mwisho_wa_Reli
"Kadi"? Sisi tunasema laini.

#30 Bahati_wa_Barrière
Laini ni ile ya nguo, mukubwa.

#31 Sifa_Parasoli
Turudi kwa Kapopo. Namba aliyopigia mwizi si imesajiliwa? Siku hizi kadi haiwashwi bila kitambulisho.

#32 Fundi_wa_Signers
@Sifa imesajiliwa, ndiyo, kwa kadi ya uchaguzi ya mtu mwingine. Sisi kitambulisho chetu cha kila siku ni kadi ya uchaguzi, na kila ofisi inataka fotokopi. Unaenda sekretariati ya mtaani, anaiskani, faili linabaki kwenye kompyuta yake, kwenye folda inayoitwa "scan scan scan", pamoja na za watu wengine mia nane. Kompyuta haina neno la siri juu kila mteja anachomeka flash yake. Nimeshaingia kwenye sekretariati kuondoa virusi nikakuta kadi ya shemeji yangu, picha na sahihi, safi kabisa. Safi kuliko yenyewe, maana za 2023 wino umefutika, mwenyewe uso wake hauonekani tena.

Kwa hiyo ukifuata namba ya mwizi utafika kwa mama wa watu anayeuza lengalenga.

#33 Neema_Katindo
Kumbe tuna sheria? Au hakuna kitu?

#34 Fundi_wa_Signers
Iko. Kanuni ya dijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inagusa data za watu na uhalifu wa mtandaoni. Kuitumia hapa tulipo leo, na nani wa kukupokea na karatasi yako, hapo sijibu.

#35 Chukudu_Haina_Breki
Na usijibu. Kuna watu hapa wanafuta WhatsApp yote kabla ya kutoka nyumbani asubuhi. Tuongee ya sambaza.

#36 Neema_Katindo
Kuna njia nyingine hamjataja: kuhamisha simu. Mtu anakudanganya ubonyeze *21* na namba yake, simu zako zote zinaenda kwake. Bonyeza *#21# uone kama kuna namba, na ##002# inafuta zote.

#37 Mwisho_wa_Reli
@Neema hilo ni la kweli lakini halihusiki hapa. Simu ya Kapopo haikuhamishwa, kaka yake alimpigia akampata anakula bugali.

#38 Neema_Katindo
Kweli. Ila bonyezeni tu.

#39 Mama_Tatu_Himbi
Naomba nami niseme, hamtapenda. Nje ya nyumba hakuna anayelijua jina, umesema mwenyewe. Alijua pia kwamba mama ana pesa ya sambaza Ijumaa jioni. Kwangu ilikuwa mtoto wa shangazi. Tulilaumu intaneti miezi mitatu.

#40 Mtoto_wa_Majengo
Mama Tatu, hilo nimeliwaza tangu jana na sikutaka kuliandika. Mjomba aliyenunua simu ndiye huyo huyo… hapana, naacha.

Taarifa. Nimeangalia akaunti kwenye simu ya mama: kuna Gmail moja, jina la mwanaume nisiyemjua. Fundi umepatia. Lakini kwenye majina mama amemsevu Kapopo "Mutoto Bukavu". Hakuna Kapopo. Kwa hiyo Fundi umepatia mlango na jina bado halijapita hapo.

Na nimesikiliza grupu ya familia, kuna vokali ya bibi ya mwezi wa tatu inasema "Kapopo wangu umekonda". Grupu ina watu 64. Nimewahesabu, watano hakuna anayejua ni nani, mmoja namba ni ya marehemu baba mkubwa, na picha ya wasifu siku hizi ni ya kijana na pikipiki.

#41 Lushois_Mwenyewe
Njo ile! Vokali! Nilisema!

#42 Fundi_wa_Signers
Vokali ya bibi, siyo ya Kapopo, @Lushois. Labda mwizi aliongea kwa sauti ya bibi.

Ya marehemu ni kitu kingine: kadi isiyotumika miezi inauzwa upya kwa mtu mpya. WhatsApp wanasema akaunti iliyolala siku 45, ikiwashwa kwenye simu nyingine, data za zamani zinafutwa. Lakini ikiwashwa kabla ya hapo? Mtoe huyo kijana wa pikipiki leo.

#43 Mwisho_wa_Reli
Mimi bado niko kwenye "mama alitaja mwenyewe".

#44 Sifa_Parasoli
Na mimi kwenye kiti.

#45 Mtoto_wa_Majengo
Kijana tumemtoa. Gmail tumeifuta, Fundi umeniongoza vizuri, asante. Nyumbani tumepanga swali la siri: mtu yeyote akiomba pesa kwa namba ngeni, mama anauliza "paka wa bibi aliitwa nani?"

Jumatatu Kapopo mwenyewe amepiga, kwa simu ya mwenzake juu yake haina chaji. Mama akamuuliza. Akasema "mama, bibi alikuwa na paka?" Mama akamkatia, akazima simu kabisa, akanipigia kelele kwamba mwizi amerudi. Mtoto amelala bila pesa ya chakula.

#46 Mzee_wa_Foni
Hahaha. Kwani paka aliitwa nani?

#47 Mtoto_wa_Majengo
Mzee!

#48 Chukudu_Haina_Breki
Fundi, nje ya mada. Flash yangu nimeichomeka sekretariati moja, sasa mafolda yote yamekuwa njia za mkato na hayafunguki. Kazi ya kumaliza masomo ya dada yangu iko humo.

#49 Fundi_wa_Signers
Faili ziko, zimefichwa tu. Usifomati, na usibonyeze zile njia za mkato. Kama una kompyuta yenye antivirusi, fungua ile dirisha nyeusi ya amri, ingia kwenye flash, andika attrib -h -r -s /s /d halafu bonyeza Enter. Kama huna, niletee kesho saa nne, niko upande wa chini wa mzunguko wa Signers, meza yenye mwavuli wa bluu.

#50 Chukudu_Haina_Breki
Upande unaoelekea Birere au unaoelekea ziwa?

#51 Fundi_wa_Signers
Birere. Na usiichomeke popote njiani.